Namba kubwa unaichambuaje? Tuichukue 1234567890 tuivunjevunje

Mtu akiona namba ya tarakimu kumi kawaida anasema "hiyo kubwa" afu anapita zake. Lakini namba ina tabia zake bana, inagawanyika kwa ngapi, ina vigawo vingapi, ni mraba au siyo, kwenye kompyuta inakaaje, na karibu yote hayo unayapata kwa kalamu na karatasi, kalkuleta ya simu ukiwa nayo inakupunguzia kazi tu. Natumia 1234567890 kwa sababu kila mtu anaijua, ni ile safu ya juu ya kibodi ukipitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, na pia ina vituko ndani ambavyo ukiitazama kwa nje huwezi kuvidhania.

Kwa maneno ni bilioni moja, milioni mia mbili thelathini na nne, laki tano na elfu sitini na saba, mia nane na tisini. Haya.

Kazi ya kwanza, na kwa maoni yangu ndo kazi yenyewe, ni kuivunja kwenye namba tasa, zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Ukishajua imejengwa na namba tasa zipi, hayo maswali mengine yote yanakuwa hesabu ya dakika mbili. Watu wanakosea wanaanza kutafuta vigawo kimoja kimoja, 1, 2, 3, 5, 6, 9, 10, wanajaza karatasi nzima na bado hawajui kama wamemaliza. Usifanye hivyo.

Anza na za bure. Mwisho kuna 0, basi inagawanyika kwa 10, maana yake 2 na 5 tumeshazipata bila jasho. Ukitoa hiyo sifuri inabaki 123456789, mwisho ni 9, kwahiyo hakuna 2 nyingine wala 5 nyingine, huko tumefunga. Sasa jumlisha tarakimu zote, 1+2+3+4+5+6+7+8+9, unapata 45, na 45 inagawanyika kwa 9, basi na namba yenyewe inagawanyika kwa 9.

Ngoja hapa kidogo maana pana raha yake. Jumla ya tarakimu haijali mpangilio, ukizichanganya hizo tarakimu kumi utakavyo jumla itabaki 45 tu. Kwahiyo namba yoyote ya tarakimu kumi inayotumia 0 mpaka 9 kila moja mara moja lazima igawanyike kwa 9. Ziko ngapi hizo? Mipangilio yote ni 3,628,800, toa ile inayoanza na sifuri ambayo ni 362,880, zinabaki 3,265,920. Zaidi ya milioni tatu, na hakuna hata moja ambayo ni namba tasa, umejua hilo bila kugawanya chochote. Mtu akikuletea 7390241856 akuulize ni tasa au siyo, unamjibu palepale.

Turudi. 123456789 gawanya kwa 9 unapata 13,717,421. Jumlisha tarakimu zake: 1+3+7+1+7+4+2+1 = 26, haigawanyiki kwa 3, basi 3 tumemalizana nayo, zilikuwa mbili. Mpaka sasa tuna 2 × 3 × 3 × 5 × 13,717,421, na hiyo ya mwisho ndo inayoleta ubishi.

Kwa 7, 11 na 13 usipime moja moja, kuna njia ya kuzipima zote tatu kwa mkupuo. Zao la 7 × 11 × 13 ni 1001, kwahiyo kata namba vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, afu toa na jumlisha kwa zamu: 421 − 717 + 13 = −283. Achana na alama ya kutoa, angalia 283. Kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 8, kwa 13 inabaki 10. Hakuna inayoingia. Tatu zimekufa kwa mstari mmoja.

Sasa ungeendelea na 17, 19, 23, 29, hivyo hivyo, kila namba tasa kwa mpangilio. Mpaka wapi? Mpaka kipeuo cha pili cha namba, kwa sababu namba ikiwa zao la mbili, ndogo kati yao haiwezi kuvuka kipeuo. Kipeuo cha 13,717,421 ni kama 3,703 na kitu. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya mia tano, na nakuambia mapema, ukienda kwa njia hiyo utagawanya mara mia tano na kitu ndo upate jibu. Kwa kalamu hiyo ni adhabu.

Kwahiyo badilisha njia. Kuna mbinu ya Pierre de Fermat, yule mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, karne ya 17, ambaye hesabu kwake ilikuwa mambo ya muda wa ziada. Wazo lake ni hili: namba witiri ikiwa zao la namba mbili, unaweza kuiandika kama mraba mmoja ukitoa mraba mwingine, maana a² − b² ni sawa na (a − b) × (a + b). Basi badala ya kutafuta kigawo kutokea chini, unaanzia katikati, kwenye kipeuo, na unapanda.

Fanya hivi. 3,700 × 3,700 ni 13,690,000. Tumepungukiwa 27,421. Gawanya hiyo kwa 7,400 (mara mbili ya 3,700) unapata 3 na kitu, kwahiyo kipeuo kiko kati ya 3,703 na 3,704. Chukua cha juu, 3,704. Mraba wake ni 13,719,616, toa namba yetu, inabaki 2,195. Je 2,195 ni mraba? Hapana, na huhitaji kalkuleta, mraba ukiishia na 5 lazima uishie na 25, huu umeishia na 95. Tupa.

Panda moja, 3,705. Usianze kuzidisha upya, kutoka mraba wa 3,704 kwenda wa 3,705 unaongeza 3,704 + 3,705 tu, yaani 7,409. Basi ule ziada wetu unakuwa 2,195 + 7,409 = 9,604. Hii je? 98 × 98 ni 9,604. Imekubali!

Kwahiyo a ni 3,705 na b ni 98. Toa unapata 3,607, jumlisha unapata 3,803. Zidisha 3,607 × 3,803 uone, inakuja 13,717,421 kamili. Jaribio la pili tu, wakati kule tungegawanya mara mia tano.

Usiamini kuzidisha kwako hivi hivi, hakiki kwa tarakimu. 3,607 tarakimu zake jumla 16, jumlisha tena 7. 3,803 ni 14, halafu 5. 7 × 5 = 35, ambayo ni 8. Na 13,717,421 ilikuwa 26, nayo 8. Zimelingana. Hii haithibitishi kwamba jibu ni sahihi asilimia mia, ukigeuza tarakimu mbili mahali pake haitakuambia, ila makosa mengi ya haraka haraka inayakamata.

Bado hatujamaliza, maana hatujui kama 3,607 na 3,803 zenyewe ni tasa au zinavunjika tena. Kipeuo cha 3,607 ni 60 na kidogo, kwahiyo unapima namba tasa mpaka 59, na ya 3,803 mpaka 61. Namba tasa za mpaka 61 ziko 18 tu, na 2, 3, 5, 7, 11 na 13 tulishazifuta huko juu, zinabaki 12 za kupima, kuanzia 17. Kazi ya chai moja. Pima mwenyewe, kwa mfano 3,607 kwa 17 inabaki 3, kwa 53 inabaki 3 tena, kwa 59 inabaki 8. Hakuna inayoingia, wala kwa 3,803. Zote tasa.

Jibu kamili sasa:

1234567890 = 2 × 3² × 5 × 3607 × 3803

Andika hiyo juu ya karatasi uizungushie duara, kuanzia hapa tunakula matunda.

Vigawo viko vingapi? Angalia kila namba tasa ina kipeo gani, yaani imejirudia mara ngapi, ongeza moja, zidisha zote. 2 ina kipeo 1, inakuwa 2. 3 ina kipeo 2, inakuwa 3. 5, 3607 na 3803 kila moja inakuwa 2. Basi 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Vigawo 48, si 47 wala 49, na hujaandika hata kimoja.

Jumla ya vigawo hivyo 48? Kila namba tasa itengenezee kijumla chake: 2 inatoa 1 + 2 = 3, 3 inatoa 1 + 3 + 9 = 13, 5 inatoa 6, nyingine zinatoa 3608 na 3804. Zidisha zote, 3 × 13 × 6 × 3608 × 3804 = 3,211,610,688. Ukiondoa namba yenyewe vinabaki 1,977,042,798, ambayo ni kubwa kuliko namba uliyoanza nayo. Watu wa zamani huko Ugiriki walizigawa namba kwa kipimo hiki, ile ambayo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinarudi sawasawa na yenyewe (6 ni 1+2+3, kisha 28, 496, 8128) waliiita kamilifu, nyingine ama zinapungua ama zinazidi. Yetu inazidi. Na ungeweza kujua bila hiyo hesabu yote, sababu inagawanyika kwa 6, nusu yake na theluthi yake na sudusi yake vikijumlishwa tu vinaijaza:

617,283,945 + 411,522,630 + 205,761,315 = 1,234,567,890

Hapo tumetumia vigawo vitatu, bado kuna vingine 44 vya kuongeza, lazima izidi. Namba yoyote inayogawanyika kwa 6 na ni kubwa kuliko 6 yenyewe ni hivyo hivyo.

Namba ngapi kuanzia 1 mpaka 1234567890 hazishiriki nayo kigawo chochote zaidi ya 1? Hapa kwa kila namba tasa unatoa moja badala ya kuongeza: 1 kwa ile 2, 6 kwa 3² (3 × 2), 4 kwa 5, afu 3606 na 3802. Zao ni 329,040,288. Kama robo na ushee hivi.

Ni mraba? Hapana, kwenye mraba kila namba tasa lazima iwe na kipeo shufwa, hapa ni 3 peke yake iliyotimiza. Lakini usidhani tarakimu zote kumi haziwezi kabisa kutengeneza mraba, zinaweza: 32043 × 32043 = 1026753849, hesabu tarakimu uone zimetimia zote, na hiyo ndo ndogo kuliko zote za aina hiyo. Kubwa kuliko zote ni 99066 × 99066 = 9814072356.

Je inaweza kuwa jumla ya miraba miwili? Angalia namba tasa ambazo ukizigawa kwa 4 zinabakiza 3, zinatakiwa ziwe na kipeo shufwa. 3607 inabakiza 3 na iko moja tu, basi haiwezekani, usipoteze muda kutafuta. Tofauti ya miraba miwili nayo haiwezekani, kwa sababu ni shufwa ila haigawanyiki kwa 4. Ndo maana ile mbinu ya Fermat tuliitumia baada ya kuondoa 2, ungeianza kwenye namba nzima nzima ungepanda mpaka kesho.

Sasa vituko. Izidishe kwa 2, unapata 2469135780. Angalia tarakimu, zote kumi zimo, kila moja mara moja. Kwa 4, 4938271560, zimo zote. Kwa 5, 6172839450, zimo. Kwa 7, 8641975230, zimo. Kwa 8, 9876543120, zimo na zimekaribia kujipanga kinyume. Kwa 3 na 6 inagoma, unapata 3703703670 na 7407407340. Na hata nusu yake, 617283945, ina 1 mpaka 9 kila moja mara moja. Kituko kingine, 123456789 × 8 + 9 = 987654321. Kwahiyo ukigawa 987654321 kwa 123456789 jibu ukilikata kwenye tarakimu nane unaona 8 tupu kama vile inaingia kamili, kumbe ni 8.0000000729 na kuendelea.

Upande wa kompyuta. 2 kipeo 30 ni 1,073,741,824 na 2 kipeo 31 ni 2,147,483,648, namba yetu iko katikati, kwahiyo inataka biti 31, yaani tarakimu 31 za 0 na 1. Kuipata gawanya kwa 16 kila mara uandike mabaki kutoka mwisho kuja mwanzo (mabaki 10 mpaka 15 yanaandikwa A mpaka F, kwahiyo D ni 13), utapata 499602D2, halafu kila herufi uigeuze biti nne: 100 1001 1001 0110 0000 0010 1101 0010. Moja ziko 12.

Na kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 saa za Greenwich, kwahiyo kila namba ya ukubwa huu ni tarehe pia. Gawanya kwa 86,400 (sekunde za siku moja): inaingia mara 14,288 na zinabaki 84,690. Mabaki hayo ni masaa 23, dakika 31, sekunde 30. Siku 14,288 toa miaka 39 yenye miaka mirefu kumi ndani yake, yaani siku 14,245, zinabaki 43, kutoka 1 Januari 2009 unafika 13 Februari. London ilikuwa bado Ijumaa tarehe 13, lakini Dar na Nairobi ongeza masaa matatu, ilishakuwa Jumamosi 14 Februari, saa nane usiku na dakika 31. Siku ya wapendanao, watu wa kompyuta wako macho wanatazama namba inageuka. Lubumbashi na Kigali ilikuwa saa saba na dakika 31, Muscat saa tisa na dakika 31.

Zana. Kalkuleta za kisayansi za Casio zenye neno FACT juu ya kitufe zinavunja namba, unaandika namba, unabonyeza =, afu SHIFT na kitufe hicho. Ila kwenye zile za mtindo wa ES PLUS kuna mpaka, zinatafuta namba tasa za tarakimu tatu tu, kwa namba yetu itakuonyesha 2 × 3² × 5 × (13717421). Hayo mabano yana maana, ni kalkuleta inakuambia "hapa nimeshindwa", siyo kwamba hiyo ni tasa, na hapo ndo unaingia na Fermat. Ukiwa na kompyuta ya Linux, au Termux (app ya kuandika amri) kwenye simu, andika tu factor 1234567890, jibu linakuja kabla hujatoa kidole. Excel nayo sawa kwa namba hii, lakini ikivuka tarakimu 15 inaanza kuweka sifuri mwishoni kimyakimya, usiichambulie namba ndefu huko.

Usije ukampenda Fermat kupita kiasi lakini. Ilifanya kazi haraka kwa sababu 3607 na 3803 ziko karibu karibu. Chukua 987654321, gawanya kwa 9, unapata 109,739,369. Hii kwa Fermat ungeanzia 10,476 na usingepata kitu mpaka 190,005, karibu majaribio laki moja na elfu themanini, wakati kwa kugawanya kawaida unafika 17 tu inaingia, tena inaingia mara mbili, unapata 17² × 379721. Kwahiyo mpangilio wangu ni huu, gawanya kwanza kwa namba tasa ndogo mpaka mia hivi, zikigoma jaribu Fermat hatua ishirini thelathini, ikigoma nayo washa kompyuta. Hata wanaotengeneza funguo za RSA, ule mfumo wa kuficha siri kwenye kompyuta wa Rivest, Shamir na Adleman wa 1977, wanakwepa kuchukua namba tasa mbili zilizokaribiana kwa sababu hii hii.

Ukitaka mazoezi, chukua ile aliyoitumia Fermat mwenyewe kwenye mfano wake, 2,027,651,281. Anzia 45,030, ziada ya kwanza ni 49,619, hatua inayofuata ongeza 90,061, inayofuata 90,063, na kila mara unaongeza 2 kwenye unachoongeza. Hatua ya kumi na mbili utakuwa 45,041 na ziada 1,040,400, ambayo ni mraba wa 1,020. Vigawo ni 44,021 na 46,061.